Mwandishi wa Marehemu

Sijui ni nani aliyewadanganya watu kwamba mtu anayeandika anahitaji kutiwa moyo. Mimi nilitiwa moyo miaka kumi na mmoja mfululizo. Paroko alinitia moyo, mkuu wa shule ya sekondari alinitia moyo, mwenyekiti wa kijiji alinitia moyo hadharani mbele ya wafiwa, na shemeji zangu, ambao hawajawahi kusoma kitu kirefu kuliko stakabadhi ya kahawa, wananitia moyo mpaka leo kila Krismasi wanapopanda mlimani kutoka Dar. "Zita, una kipaji. Usikate tamaa." Halafu wanaomba chumvi. Moyo ninao, tena mkubwa. Nilichokosa ni mtu wa kuniambia kwamba ukurasa wa kumi na nne ni mbaya, na ni mbaya kwa sababu gani.

Kipaji chenyewe walikiona makaburini. Huku kwetu Kibosho mtu hazikwi bila historia yake kusomwa, na historia karibu zote za kijiji chetu niliziandika mimi. Nilianza na ya baba yangu mwaka 1987, kwa sababu kaka aliyepaswa kuiandika alikwama Arusha. Ikasomwa, watu wakalia, na tangu siku hiyo wafiwa wakishapanga mambo ya jeneza na masufuria wanatuma mtu kwa Mama Davis, ndiye mimi. Anakuja na karatasi yenye tarehe za ubatizo na majina ya watoto, mimi natengeneza kurasa mbili. Hazizidi mbili maana Paroko anaangalia saa. Kuzaliwa, kubatizwa, shule, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa, shukrani kwa madaktari, basi.

Na kuna namna ya kusema. Marehemu hasemwi vibaya, kwa hiyo mlevi "alikuwa mcheshi na alipenda watu." Aliyegombana na majirani wote kwa ajili ya mipaka "alikuwa mtu wa msimamo." Aliyekimbilia Nairobi akaacha mke na watoto sita "alijishughulisha na biashara mbalimbali." Watu wote waliosimama migombani wanajua kinachosemwa, wanainamisha vichwa kwa heshima, na wengine wanauma midomo wasicheke. Miaka ya tisini ilipoingia nikawa na sentensi moja niliyoiandika mpaka kalamu ikaizoea: "Aliugua kwa muda mrefu." Vijana walikuwa wanarudi kutoka mijini wamekonda, wanalala miezi michache, tunawazika kihambani, pale pale nyumbani kati ya migomba na kahawa, na mimi naandika kwamba waliugua kwa muda mrefu. Hakuna aliyeuliza waliugua nini.

Historia ikishasomwa inakunjwa, inatiwa ndani ya Biblia ya mjane, na haisomwi tena. Mimi nilitaka kuandika kitu ambacho hakifukiwi siku ile ile. Nilitaka kitabu chenye jalada na jina langu juu yake, kisomwe na mtu asiyenijua na asiye na msiba. Nilikitaka mpaka nikawa naona wivu nikipita dukani na kukuta vitabu vya wenzangu vimepigwa vumbi. Angalau vyao vilikuwa na vumbi.

Basi nikaandika. Madaftari manne ya kaunta, miaka mitatu, alfajiri kabla ya kukamua ng'ombe. Hadithi ya ndugu watatu wa kihamba kimoja: Fredy anayekata kahawa bei inapoanguka na kwenda kupandisha wazungu mlimani, Theodora anayekwenda Dar kutafuta maisha na kurudi mgonjwa, na Violet, mdogo wao, anayebaki nyumbani na kuwauguza wote. Nilipomaliza nikaanza kuyazungusha madaftari kwa wale wale watia moyo. Lakini mimi si mjinga. Kabla ya kumpa mtu, nilibandika tone dogo la gundi kati ya ukurasa wa ishirini na wa ishirini na moja. Paroko alikaa na madaftari miezi mitano, akayarudisha, akasema Mungu anibariki, niendelee hivyo hivyo. Gundi ilikuwa salama. Mkuu wa shule akasema nina lugha tamu. Gundi salama. Mwenyekiti wa kijiji alisema mwisho wake ulimtoa machozi. Nilimshukuru, nikafika nyumbani nikapitisha kidole pale, na gundi ilikuwa imekauka vizuri sana.

Aliyeniambia habari za Mzee Wenseslaus alikuwa mwalimu mmoja wa parokiani, na aliniambia kwa kunionya. Alisema yuko mzee mmoja kule Shirimatunda, karibu na Moshi mjini, alikuwa mhariri wa vitabu Dar es Salaam miaka ishirini na mbili, shirika lake likapunguza wafanyakazi, naye akarudi kufuga kuku wa kisasa. Ana mdomo mchafu, akasema, usije ukakata tamaa. Nikajua huyo ndiye ninayemtaka.

Nilimkuta bandani, amevaa koti la ofisini lililotoboka viwiko, anaokota kuku waliokufa na kuwatia kwenye ndoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kama umekuja kununua, rudi. Wana kideri."

Nikamwambia nimeleta kitabu nilichoandika mwenyewe. Akanitazama, akautazama mkungu wa ndizi mshare niliokuwa nimeutua chini, akayatazama madaftari.

"Nakala ya pili iko wapi?"

"Ya pili gani, mzee?"

"Nikiyaacha haya karibu na jiko la vifaranga yakashika moto, kitabu chako kitakuwa wapi?"

Akasema hapokei kitabu ambacho hakina pacha, na kwamba ameona watu wazima wakilia kwa ujinga huo. Ndizi alizipokea. Kesho yake nilishinda Moshi mjini kwenye duka la kutoa kopi, mashine inakwama kila baada ya kurasa kumi, nikampelekea kopi zilizobanwa vizuri. Gundi niliitia pia, kwa mazoea. Akaniambia nirudi baada ya wiki mbili na nisije kumsumbua katikati.

Niliporudi alikuwa amekaa nje juu ya kreti la soda. Banda lilikuwa kimya. Kuku mia mbili walikuwa wamebaki thelathini. Kopi zangu zilikuwa mapajani mwake, zimejaa penseli.

"Kwanza," alisema kabla sijakaa, "acha mchezo wa gundi. Umenichania kurasa mbili."

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Katika miaka yote ile, huyu alikuwa mtu wa kwanza kuvuka ukurasa wa ishirini. Furaha hiyo ilidumu muda wa kuvuta kigoda.

"Pili, humu nani amekufa?"

"Theodora. Kule mwishoni."

"Na wengine?"

"Wengine ni wazima, mzee."

"Mbona umewazika wote?"

Akafungua ukurasa wa kwanza akasoma kwa sauti ya mtu aliyesimama kaburini. "'Fredy alizaliwa mwaka 1955 na kubatizwa mwaka huo huo. Tangu utoto alikuwa mwenye bidii na upendo kwa wote.' Mama Davis, huyu mtu ananiingilia kwenye kitabu akiwa tayari ndani ya jeneza. Nimemfuata mpaka mwisho nikitafuta kosa lake. Hajasema uongo, hajachelewa popote, hajala hata andazi la mtu. Violet naye hivyo hivyo. Kila anayeingia unanipa cheti cha ubatizo na sifa, halafu unamlaza na kwenda kumleta mwingine. Wewe unafanya kazi gani?"

Nikamwambia ninaandika historia za marehemu.

"Ndiyo," akasema. "Imeonekana."

Nilikasirika. Nilikuwa nimeshuka mlima kwa miguu, nimeacha ng'ombe hajakatiwa majani, na nimekuja kuambiwa kwamba miaka mitatu yangu ni msiba. Nikamuuliza, bila heshima, yeye mwenyewe ameandika vitabu vingapi.

"Hata kimoja. Nimesahihisha zaidi ya mia moja. Ndiyo maana nafuga kuku." Akaitupia macho ile ndoo. "Na hata hao unaona. Kaa chini, sijamaliza."

Alinipitisha ukurasa kwa ukurasa mpaka jua likasogea. Hakuwa na upole wowote, na hakunipa hata neno moja la kunitia moyo, lakini kila alichosema ningeweza kukifanya kesho yake. Akaniambia nitupe kurasa thelathini na moja za mwanzo, kwa sababu hadithi inaanza siku Fredy anapochukua panga na kuingia kwenye kahawa ya baba yake, na hayo mengine msomaji atayaokota njiani. Akaniambia watu wangu wanahutubiana badala ya kuongea. Nikasimame kwenye foleni ya kisima nisikilize namna watu wanavyokatizana. Kila siku ukurasa mmoja, hata ukiwa mbovu, kwa sababu ukurasa mbovu unatengenezeka na ukurasa mtupu hauna fundi. Nisome kwa sauti, na ulimi ukijikwaa sentensi hiyo ina jiwe. Akasema nisome vitabu, tena vya watu ninaowaonea wivu, na wivu wenyewe niutumie kujiuliza wamefanyaje. Nilikuwa naandika haraka haraka pembeni mwa kopi. Aliniambia niache kuandika nisikilize.

Kisha akafika ukurasa wa mia moja na sita na kuweka kidole.

"'Theodora alipokelewa na ndugu zake kwa upendo, akauguzwa kwa muda mrefu mpaka siku yake ilipofika.' Upendo ulifanya nini saa nne asubuhi?"

"Sijaelewa, mzee."

"Saa nne asubuhi, Jumanne. Mgonjwa amelala chumbani, Violet yuko jikoni. Mikono ya Violet inafanya nini? Anayependa anafanya kitu, anayeogopa anafanya kitu. Wewe niambie kitu chenyewe, la moyoni nitalijua mwenyewe. Ugonjwa mzima umeumaliza kwa mstari mmoja, halafu huyu Violet ana kurasa nane za sifa. Violet ni nani?"

Nilijifanya natafuta kalamu.

"Nilidhani hivyo," akasema.

Ndipo akaniambia kuna mwenzake wa zamani aliyefungua kampuni ndogo ya vitabu Dar, anayepokea miswada mpaka mwisho wa Agosti. Barua ya kunitambulisha ataiandika yeye, na jamaa huyo akiona barua yake atasoma mpaka mwisho, hilo alikuwa na hakika nalo. Lakini hataiandika kwa kitabu hiki. Ataiandika nikimletea sura moja ambayo ndani yake kuna mtu mmoja tu ambaye sijamzika. Na kabla ya kuileta, nimsomee kwanza mtu anayeweza kunibishia. "Asiyeweza kukubishia usimsomee," alisema. "Huyo atakutia moyo." Ilikuwa katikati ya Julai, mwaka 1998.

Nilipanda mlima nikiwa na hasira na matumaini, na hasira ndiyo iliyofika nyumbani kwanza. Mume wangu, Basili, anayefanya kazi Bomang'ombe na kurudi Jumamosi, alinikuta nimechana kurasa thelathini na moja na kuzirundika kwenye kuni. Akauliza kama mzee alikipenda kitabu. Nikamwambia alikisoma. Akasema hakuona tofauti, na mimi sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Wiki nne zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Kila alfajiri nilikaa mezani, naandika "Jumanne, saa nne asubuhi," halafu mkono unakwenda wenyewe kule kule ulikozoea. Violet anaamka mapema, anachemsha uji, anampelekea dada yake kwa tabasamu. Nafuta tabasamu. Anampelekea kwa huruma. Nafuta huruma. Anampelekea uji, basi, na mimi mwenyewe najua kwamba ni uongo. Nikatupa, nikaanza tena. Mwanangu Davis akasema kuni za siku hizi zinawaka vizuri sana. Ningeweza kumpiga.

Wiki ya pili ya Agosti alifariki jirani yetu Sirili, mtu aliyempiga mkewe miaka thelathini kijiji kizima kikisikia. Wakaja na karatasi yao. Nilikaa, kalamu ikateleza, na kabla chai haijapoa kurasa mbili zilikuwa tayari: mtu wa msimamo, mlezi wa familia, ameacha pengo. Sikufuta hata neno. Kaburini niliwaona watu wakiinamisha vichwa, na nikamwona mjane amesimama, hakuinamisha chake. Alikuwa ananitazama mimi. Nilirudi nyumbani nimejichukia, kwamba mkono wangu mwepesi namna ile kwa Sirili ndio ule ule uliogoma mwezi mzima kwa mambo ninayoyajua mwenyewe.

Nayajua kwa sababu Theodora wa kitabuni ni dada yangu, Dominika, na Violet ni mimi. Alirudi kutoka Dar mwaka 1994 na sanduku moja, akafikia kwa mama, kwenye kihamba chetu, dakika kumi kwa mguu kutoka kwangu. Historia yake niliiandika mimi. Aliugua kwa muda mrefu, niliandika, ndugu zake wakamuuguza kwa upendo. Na kila mwaka misa ya wafu inapokwisha mama huwaambia watu pale nje ya kanisa, "Zita ndiye aliyemwangalia mwenzake mpaka mwisho," nao wananishika mkono. Hicho ndicho kilichokuwa kinaushika mkono wangu alfajiri. Nikiandika kweli, nampokonya mama yangu kitu anachokitumia kila mwaka.

Tarehe kumi na tisa Agosti niliandika. Sijui kama ni ujasiri au kuchoka. Niliandika kwamba ilikuwa saa nne asubuhi, na Violet yuko jikoni kwa mama yake, na vikombe vya bati vilikuwa sita, vyote vyeupe, haviwezi kujulikana kipi ni cha nani. Muuguzi wa hospitali alikuwa amewaambia kwamba UKIMWI hauambukizwi kwa kikombe, nao wakamwitikia ndiyo, ndiyo sista. Violet akatoa uzi mwekundu kwenye kopo lake la sindano, akaufunga kwenye mshikio wa kikombe kimoja, mafundo mawili, akamiminia chai ndani yake. Akampelekea dada yake. Theodora akakitazama kile kikombe, akauona uzi, akamtazama Violet, akanywa mpaka mwisho na kusema ahsante. Kesho yake alisema hana kiu. Kesho kutwa hana kiu. Siku ya nne Violet akamkuta nyuma ya nyumba, amejikokota kwa kushika migomba mpaka kwenye mfereji, amepiga magoti, anakunywa maji kwa viganja. Walitazamana. Hakuna aliyesema lolote, na ikawa hivyo miezi mitatu. Alipokata roho, kitu cha kwanza Violet alichofanya, kabla ya kulia, kilikuwa kwenda jikoni kuukata ule uzi, kwa sababu wageni wangekuja na vikombe visingetosha.

Kurasa tano. Nilizisoma kwa sauti bandani kwa ng'ombe na ulimi haukujikwaa. Nikakaa juu ya majani nikalia, nikiona uchungu na, Mungu anisamehe, nikiona pia kwamba ni nzuri. Niliogopa jambo hilo la pili kuliko la kwanza.

Ilibaki kumsomea mtu anayeweza kunibishia. Nilipita majina yote kichwani nikijua ninapoteza muda. Duniani alikuwepo mmoja tu aliyekuwa katika nyumba ile.

Nilimkuta mama uani, amekaa kwenye kigoda, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Ana miaka sabini na mbili na macho yake bado yanaona jiwe dogo kuliko yangu. Nilimsalimu, akaitikia, akaniuliza habari za Davis. Kwetu tunaongea Kichagga, lakini nilimwambia kuna kitu nimeandika kwa Kiswahili nataka nimsomee.

"Nani amefariki?" akauliza.

"Hakuna, mama. Ni hadithi."

"Soma basi."

Nikasoma. Nilisoma nimeinamia karatasi, sikutaka kuona uso wake. Nilimsikia anachambua, tik, jiwe kwenye sahani, tik, mpaka nilipofika kwenye vikombe sita. Hapo vidole vikasimama. Nikaendelea, maana nilijua nikinyanyuka tu sitaweza kurudi. Nikasoma uzi. Nikasoma mfereji. Nikasoma kuukata uzi kabla ya wageni. Nilipomaliza kuku mmoja alikuwa amekuja kula maharage yaliyodondoka, wala mama hakumfukuza.

Nilisubiri anilaani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa kulia kwake, na kwa kunikataza nisipeleke karatasi zile popote.

"Uzi haukuwa mwekundu," akasema.

Nikaitafuta tena sentensi ya uzi kwa kidole.

"Ulikuwa wa bluu. Wa sufu. Niliufumua kwenye sweta la marehemu baba yako, pale kwenye mkono lilipochanika. Wewe ulisema, mama, si amesema sista haiambukizi? Nikakwambia, sista hana wajukuu humu ndani. Nikakupa uzi mkononi nikakwambia funga."

Sikuweza kumtazama. Rangi ya uzi niliijua. Niliijua nilipokuwa naandika mwekundu, na nilijua ni nani aliyeufumua, na nilijua kwamba kopo la sindano sikuwa nalo siku ile. Nilikuwa nimejitoa mimi jenezani na kumlaza mama yangu mahali pangu, safi bila kosa, taratibu, kwa mkono ule ule mwepesi, na nikaita kurasa hizo kweli.

"Mama, sikutaka watu..."

"Miaka minne nawaambia watu kanisani ulimwangalia vizuri," akasema. "Wakikushika mkono wewe, hawaniulizi mimi."

Akamfukuza yule kuku. Akaufuta uso kwa ncha ya kanga, mara moja, na alipoongea tena sauti yake ilikuwa ile ya kutuma mtu dukani.

"Andika vizuri. Sweta ni la bluu, aliyefumua ni mama yake. Na mimi usiniite Mama Theodora. Usinibadilishe jina."

Nikageuza karatasi upande wa nyuma. Mama aliuweka ungo chini, akakunja mikono mapajani, akasubiri nianze.